Barua za Kampuni Zinafika Wapi

9 Januari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa tangu uache kupanda ile ngazi kumwagilia maua ya watu. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, anasema mwaka jana ulimwandikia barua moja tu, na hiyo yenyewe ilikuwa na namba za kurasa. Binti yangu ameng'oka jino la pili la mbele. Alikataa kabisa nisiliguse. Alisema kwa watu wengine mimi ni daktari, kwake ni baba, nisichanganye kazi. Mke wangu yuko salama.

Nakuandikia kwa kuwa hupokei simu, na ninajua utakachosema: simu haina nakala. Basi nakala ndiyo hii, weka kwenye faili.

Tangu tarehe mbili kliniki yangu ni kampuni. Jina limebaki lile lile, ila mwishoni limeongezwa neno linaloonyesha kwamba dhima ina kikomo. Nimekuwa nikilipa kodi kama mtu binafsi kwa miaka tisa, Shangazi, na kila mwaka sehemu kubwa ya pato langu inaangukia kwenye kiwango cha juu kabisa. Kampuni inatozwa pungufu. Mimi sasa ni mkurugenzi: nitajilipa mshahara mdogo, na kinachobaki baada ya kodi ya kampuni nitakichukua kama gawio. Wote tuliosoma pamoja wameshafanya hivyo. Nilikuwa nimebaki mimi tu, kama gego la mwisho kwenye ufizi wa mzee.

Kazi yote ameifanya mtu mmoja ambaye sisi tunamwita Mshauri. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ndiye aliyemleta. Mtu mtulivu, anavaa tai hata kukiwa na joto, na hakuniomba malipo mpaka cheti kilipotoka.

Sikuulizi ushauri, maana umestaafu na unastahili kupumzika. Nataka tu unipongeze.

Mwanao,
Daktari


21 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijapoa, ila nimeacha kulisema. Mwambie wifi yangu kwamba barua ile ilikuwa na kurasa sita na aliye na adabu hujibu zote. Mjukuu wangu yuko sahihi kuhusu kutochanganya kazi. Mwambie nimemsifu.

Hongera. Umeipata uliyoitaka, sasa nisikilize.

Kuunda kampuni si kosa. Nilikaa ofisi ya kodi miaka thelathini na moja, na waliounda kampuni kwa sababu nzuri nimewaona wengi. Waliojuta walikosea jambo moja: walidhani kampuni ni wao wenyewe wakiwa wamevaa koti jipya. Kampuni ni mtu mwingine. Ana jina lake, namba yake ya mlipakodi, madeni yake. Kile kiti chako cha meno ukimpa, umemuuzia. Mashine ya eksirei, vivyo hivyo. Ukifungua mtoto wa meza kuchukua pesa ya sukari kama ulivyozoea, umekopa kwa mtu mwingine, na mkopo huo una jina kwenye vitabu: mkopo wa mkurugenzi. Usipourudisha, ofisi itauita mshahara na kuukata kodi. Kingine: ukimng'oa mgonjwa jino lisilo bovu, kikomo cha dhima hakikusaidii kitu. Mkono ni wako, si wa kampuni.

Nina maswali matatu. Nijibu kwa maandishi.

Hisa ni za nani, na je, umeingiza jengo?

Nani anasaini benki?

Barua za kampuni zinafika wapi? Kila kampuni ina anwani iliyosajiliwa. Makadirio, notisi, faini, hati ya kuitwa, vyote hupelekwa huko, na sheria huhesabu kwamba umevisoma hata kama hujaviona kwa macho yako.

Shangazi yako


23 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe kwa miezi miwili. Tumefunga kiti cha pili na mafundi wamevunja sakafu mara mbili. Mama amepata miwani mipya. Sasa anaona vumbi lote na nyumba nzima tunateseka. Binti meno yameanza kuota, moja limepinda kidogo. Nimenyamaza.

Majibu yako. Hisa zote mia ni zangu. Jengo ndiyo, limeingia kama mtaji: vyumba viwili vya mbele alivyoacha baba, pamoja na ua. Mshauri alisema kampuni ikiwa na jengo, benki inaiheshimu, na kweli mkopo wa kiti cha pili ulitoka kwa wiki mbili. Benki nasaini mimi.

Kuhusu mtoto wa meza, nilichukua karo ya shule mara moja, na mara ya pili nauli ya mama kwenda kupimwa macho. Mshauri ameziandika kama ulivyosema, mkopo wa mkurugenzi. Unaona? Anajua kazi.

Jambo moja litakufurahisha. Ametushauri mke wangu naye awe na hisa, ili gawio ligawanyike kwa watu wawili na kila mmoja abaki kwenye kiwango cha chini cha kodi. Alileta fomu ya kuhamisha hisa siku ya foleni, nikiwa na mgonjwa mdomo wazi na ganzi imeanza kukolea. Nilivua glavu moja, nikasaini, nikavaa nyingine. Shemeji alikuwepo, akasaini kama shahidi, akasema, "Daktari, unasaini kama unavyong'oa, bila kuuliza." Tulicheka wote, isipokuwa mgonjwa. Nafasi ya jina la anayepokea na ya idadi zimeachwa wazi kwa sasa. Watajaza mke wangu akipata namba yake ya mlipakodi.

Wagonjwa wananisubiri. Nitakuandikia kwa urefu siku nyingine.

Mwanao


1 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima.

Umesaini fomu ya kuhamisha hisa bila jina na bila idadi, ukaiacha mikononi mwa mtu. Maana yake umempa kliniki, ukamwachia achague siku. Irudishe. Nenda leo, usipige simu. Akisema ameiweka mahali, subiri hapo hapo mpaka aitoe.

Swali la tatu hukulijibu. Kwa hesabu yangu, kampuni iliyofunguliwa Januari imeshaandikiwa na ofisi ya kodi mara mbili: barua ya kuisajili na notisi ya makadirio ya robo ya kwanza. Hujazitaja. Ama umezipata ukaona hazina maana, au hukuzipata. Ofisi ile haijawahi kumsahau mtu. Ikinyamaza, inahesabu siku.

Barua za kampuni zinafika wapi?

Shangazi yako


11 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Huku tupo. Binti anaulizia kwa nini huji. Mama hajambo, ingawa sikio la kushoto linamsumbua.

Sikukujibu mapema kwa sababu barua yako ilizua maneno ndani ya nyumba. Niliisoma kwa sauti, kosa langu. Mke wangu aliuliza kama unamwita kaka yake mwizi. Nikamwambia hujamtaja. Akasema, "Hahitaji kumtaja. Ameandika kama anavyomwandikia mtuhumiwa." Wiki mbili tuliongea habari za chumvi na sabuni tu.

Nilienda kwa Mshauri. Ofisi yake iko juu ya duka la vioo, ngazi ya chuma, ghorofa ya pili. Mlangoni kuna vibao vya kampuni, vidogo vya bati, nilihesabu thelathini na vinne. Changu ni cha tatu kutoka chini na jina lina kosa, limekosa herufi. Ndani meza moja, kabati moja, karani hakuna. Alinipokea vizuri. Fomu ilikuwa "kwenye mzunguko". Nilimwambia nitasubiri. Alinipa kiti, akaendelea na kazi zake saa tatu nzima bila kuinua kichwa, na mimi nina wagonjwa. Niliondoka.

Swali lako la tatu: anwani iliyosajiliwa ni Sanduku la Posta 418. Ni la kwake. Anachukua barua za wateja wote ili wasisumbuke. Sijapata barua yoyote ya kodi, na nilipomuuliza alisema ni dalili njema.

Nilipomsomea Mama namba hiyo aliacha kukunja nguo. Akasema nikuulize wewe kuhusu karakana ya baba. Nilimuuliza yeye, akasema yeye alikuwa jikoni miaka yote hiyo, lakini wewe ulikuwa ofisini.

Sisi tuliambiwa baba alifunga karakana kwa sababu ya kifua. Ule mlango uliozibwa kwa matofali nyuma ya kiti changu cha kwanza, unaotoka upande ilipokuwa karakana, naugeuzia mgongo kila siku. Nilikuwa sijawahi kuuliza.

Mwanao


14 Juni

Mwanangu,

Nimepata barua yako asubuhi hii na najibu asubuhi hii.

Fanya hivi. Kliniki yako ina zile kadi za kuwakumbusha wagonjwa baada ya miezi sita. Chukua moja. Iandikie kampuni yako kama mgonjwa, kwa jina lake kamili, Sanduku 418. Usiongeze neno. Itume kwa posta ya kawaida, uandike tarehe uliyotuma. Kama mtu yule anakupelekea barua zako kama anavyosema, kadi itarudi mikononi mwako. Hesabu siku.

Wakati huo huo mwandikie Msajili wa Kampuni kubadilisha anwani iwe ya kliniki. Wewe ndiye mkurugenzi, huhitaji ruhusa ya mtu.

Kuhusu karakana, nitakuandikia wakati mwingine.

Shangazi yako


3 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani. Wote wazima.

Kadi niliituma tarehe ishirini na tano Juni. Unaikumbuka inavyosema: "Umetimiza miezi sita. Tafadhali njoo tukuangalie." Julai nzima haikurudi. Kwa Msajili sikuandika. Nilisubiri kadi, nikajiambia ikirudi hakutakuwa na haja.

Ijumaa, saa nne asubuhi, mhudumu wangu wa mapokezi alikuja akaniambia yuko mgonjwa asiye na faili, ila ana kadi. Alikuwa Mshauri. Aliishika kadi kwa vidole viwili kama tiketi. Akakaa kwenye kiti bila kuambiwa, akalegeza tai.

"Daktari," akasema, "kampuni haina mdomo. Nimeona nije kwa niaba yake."

Nilimuuliza barua zangu ziko wapi.

"Ziko salama. Zote nane. Ukitaka kujua zimeandikwa nini, kwanza tuzungumze habari za jengo." Kisha akasema upande wa kushoto juu panamuuma akitafuna, kwa kuwa yupo hapo nimwangalie.

Sijui kwa nini nilivaa glavu. Mazoea. Ana meno bandia juu, bamba zima la zamani, kazi safi sana. Ukimtazama usoni huwezi kujua. Nililitoa nikaligeuza niangalie kama pamepasuka. Ndani, sehemu inayokaa kwenye kaakaa, pamechongwa alama ndogo kama ndoana na namba 1106.

Ile ndoana ni ya baba. Alichonga hivyo kila bamba la meno lililotoka karakana yake, na namba ya kazi. Daftari lake liko kwa Mama. Nimelifungua jioni ile. Kazi ya mwisho ni 1106. Mahali pa jina pameachwa. Mahali pa malipo pameandikwa "bila".

Nilimrudishia bamba. Akalivaa, akang'ata mara mbili kulijaribu, akasema, "Mzee aliyenitengenezea alikuwa fundi hasa. Hakuwa na bahati na barua tu." Mlangoni akaongeza, "Msalimie shangazi yako. Huyo najua anasoma."

Sasa niambie unachojua. Si wakati mwingine.

Mwanao


6 Agosti

Mwanangu,

Naanza na la haraka. Ameshazungumzia jengo, kwa hiyo fomu ameshaijaza au anaijaza. Lakini hisa hazihami kwa kujaza fomu. Msajili haipokei mpaka iwe na muhuri wa ushuru wa stempu, na ushuru hukadiriwa kwanza. Fomu inatakiwa iwasilishwe ndani ya siku thelathini tangu iliposainiwa. Ikichelewa, wanaiweka kwenye trei mpaka mwasilishaji aandike maelezo na kulipa faini. Ya kwako ilisainiwa Machi. Kwa hiyo ama ameweka tarehe ya uongo, au fomu yako iko kwenye trei. Nenda dirisha la ushuru wa stempu, jengo la ofisi ya kodi, ghorofa ya chini. Nenda na kitambulisho na cheti cha kampuni. Omba kuiona, omba izuiwe. Watakuuliza kama sahihi ni yako. Jibu kwa ufupi.

Sasa karakana.

Baba yako aliunda kampuni ulipokuwa na miaka saba. Mtu ni huyu huyu, sanduku ni hilo hilo. Mimi nilikuwa mkaguzi. Barua za kampuni ya baba yako zilipita mezani kwetu: makadirio, faini ya kuchelewa, onyo, onyo la mwisho. Zilikuwa kumi na moja. Tatu nilizisaini mimi kabla sijatazama jina vizuri. Nilipolitazama nilifanya kile kanuni inachotaka: nilimkabidhi mwenzangu faili, nikaandika kwamba ni la ndugu yangu. Kanuni inakataza mkaguzi kumweleza ndugu kilichomo kwenye faili. Sikumweleza.

Miezi ile nilikuwa nakuja kwenu kila Jumapili. Baba yako alikuwa akitania mezani kwamba ofisi yetu imemsahau, labda kwa heshima yangu. Nilijua hazimfikii. Nilikuwa natia chakula mdomoni, sisemi. Siku madalali walipokuja karakana, alinipigia simu ofisini kuniuliza nini kinatokea. Nikamwambia aandike barua.

Ndiyo sababu sipokei simu.

Meno yale yalikuwa malipo ya Mshauri wenu kwa "kumaliza shauri". Karakana ilinunuliwa na kampuni nyingine ya Sanduku 418. Kifua kilikuja baadaye.

Nenda kesho.

Shangazi yako


29 Agosti

Shangazi,

Shikamoo.

Nilienda. Ulisema kweli kuhusu kila kitu, hata trei. Fomu ilikuwa humo tangu tarehe ishirini na nane Julai. Hisa mia, zote, kwa jina la Mshauri. Tarehe ya kusaini imeandikwa tano Januari, ili ionekane hisa zilikuwa zake kabla ya mkopo wa benki, kwa hiyo imechelewa zaidi ya hata tulivyodhani. Chini yake sahihi yangu, nzuri, haraka haraka, na chini yake ya shemeji kama shahidi.

Karani alikuwa mama mmoja mwenye sauti ndogo. Aliigeuza fomu upande wangu, akaweka kidole. "Sahihi hii ni yako?"

Uliniambia nijibu kwa ufupi. Nilijibu, "Hapana."

Lilitoka rahisi kama jino la utotoni. Akaniuliza tena, nikarudia. Akaniambia basi ni jinai, si suala la ushuru. Akaniletea karatasi ya maelezo nikaandika hivyo hivyo, nikasaini. Fomu ikapigwa muhuri wa kuzuiwa. Nilitoka nje, nikasimama kwenye kivuli cha ukuta, nikaona nimeshinda.

Siku ya nne polisi walimchukua shemeji. Sikufikiria. Nakuapia sikufikiria mpaka nilipowaona watu wawili sebuleni na mke wangu akiwapa maji. Kama sahihi si yangu, basi aliyeshuhudia kwamba ni yangu amesema uongo au ameighushi mwenyewe. Mshauri amewaambia kwamba fomu aliletewa na shemeji ikiwa tayari imesainiwa, yeye alijaza tu alichoambiwa. Bado anavaa tai. Shemeji yuko ndani mpaka leo. Anasema jambo moja tu: "Muulizeni daktari kuhusu ile glavu." Hakuna anayemwelewa.

Mgonjwa wa siku ile alikuwa msafiri, hajarudi.

Kliniki inaendelea. Anwani nimebadilisha, barua nane nimepewa nakala zake ofisi ya kodi, faini tutalipa kwa awamu. Mke wangu anapika, anatenga chakula, tunakula. Haniulizi. Binti ndiye aliyeuliza mjomba yuko wapi, na mama yake akasema, "Baba yako anajua." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa.

Shangazi, kuna kitu kimoja. Barua yangu ya tarehe ishirini na tatu Machi. Unaijua ile. Ulichonifundisha ni kwamba kisichoandikwa hakikusemwa. Naomba uichome.

Mwanao


2 Septemba

Mwanangu,

Marahaba.

Barua yako ya 23 Machi ipo. Ni ya tatu kwenye faili, kati ya yangu ya 21 Januari na yangu ya 1 Aprili. Sijachoma karatasi tangu nizaliwe.

Mkeo ameniandikia. Ni barua yake ya kwanza kwangu katika miaka kumi na moja, mistari minne. Ananiuliza kama kaka yake ni mwongo. Sijamjibu bado.

Nilikuandikia "jibu kwa ufupi". Nilikuwa na nafasi ya kuandika "jibu kweli". Nililipima, nikaona kwamba jibu fupi moja lingeokoa kliniki, na sikutaka liwe limetoka kwangu. Nilikuachia wewe uliseme. Hilo ni langu, nimelipokea.

Sikiliza sasa. Ukweli wako si dhaifu kama unavyodhani. Ulisaini fomu tupu. Jina na idadi vilijazwa na mwingine bila idhini yako, kinyume na mlichokubaliana, na tarehe ni ya uongo. Kwa hayo inapingwa mahakamani. Ni njia ndefu. Unaweza kushindwa, na jengo linaweza kwenda. Na kwa maelezo ya uongo uliyosaini utaadhibiwa, sijui kiasi gani, na leseni yako itaangaliwa. Hilo silifichi. Lakini shemeji yako atatoka, maana alichoshuhudia kilitokea mbele yake, na wataanza kumuuliza mwenye tai.

Tarehe kumi na mbili mwezi huu nitapanda basi nije huko na faili, goti likubali likatae. Nitalikabidhi kwa wanaochunguza, barua zote, pamoja na yangu ya karakana. Ile inavunja kanuni niliyoishika miaka thelathini na moja, na pensheni yangu wataifanya watakavyo. Una siku kumi za kwenda mwenyewe kabla yangu. Mtu anayerekebisha maelezo yake kwa miguu yake huandikwa tofauti na anayerekebishiwa.

Baba yako sikumwambia. Wewe nakuambia kabla.

Barua hii sikuitia posta. Anaileta dereva wa basi la asubuhi, na nimemwagiza asiondoke kliniki mpaka usaini kwenye daftari lake kwamba umepokea. Vua glavu zote mbili. Soma kwanza, kisha saini.

Shangazi yako